Nani Kamzoesha Jiko

Mkwe wangu,

Jirani aliwahi kuniuliza, "Hivi mtoto wa miaka miwili jikoni anasaidia nini?" Nikamjibu anakanda unga, samaki mkunje angali mbichi. Leo angeniuliza, ningemgeuzia mazungumzo.

Nimekwenda ibadani. Unga wa mikate uko chini ya kitambaa, uoke ukifika. Kile kidonge cha unga chenye alama za vidole ni cha mwanao, usikitupe. Gesi nimeifunga kwenye mtungi. Fungua wewe, si mwingine.

~~Asiingie tena jikoni.~~ Hapana, aingie, ila akae mezani tu.

Asubuhi nimegeuka kuchukua chumvi, kumbe kapanda kigoda, kabonyeza swichi ya jiko na kuizungusha. Moto ukawaka, akajipigia makofi kama aliyezoea kusifiwa. Mungu katunusuru. Mimi huwasha kwa kiberiti, nawe huwashi mpaka alale. Kajifunza kwa nani?

Nikamuuliza baba yake, maana ndiye hushinda naye ukiwa kazini.

"Mama, watoto huiga tu."

"Huiga walichokiona, baba. Wewe humwachia awashe?"

Akavaa viatu, akatoka.

Bibi yake