Mikanda ya Punda wa Mzee Anaeli

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo ambalo kwa miezi mingi sikumwambia mtu yeyote, hata mama. Ile mikanda ya punda wa Mzee Anaeli, iliyokatika mtoni na kumwaga kahawa yake, hukuishona wewe. Niliishona mimi.

Tangu uende Tanga kwenye mashamba ya mkonge, naikumbuka sana siku tulipoteremka mjini kununua cherehani. Mwenye duka alituonyesha moja mpya yenye maua ya dhahabu, nami nikaipenda papo hapo. Wewe ukatoa mfukoni kipande cha ngozi ya ng'ombe, ukakikunja mara tatu, ukakiweka chini ya sindano na kuzungusha gurudumu kwa mkono. Sindano ikapinda. Ukamwambia kwa upole kwamba hiyo ni ya magauni. Ndipo akaitoa ile nyeusi nyuma ya magunia, nzito hata watu wawili wakahema, ambayo mguu wake hujiinua na kukanyaga mbele kila sindano inapotoka. Ilipita kwenye mikunjo yote mitatu kana kwamba ni ndizi mbivu. Mwenye duka akaonya kwamba ina sura mbaya.

"Siioi," ulisema. "Nataka ishone."

Nilicheka njia nzima.

Ulinifundisha kuupaka uzi nta, kwenda polepole penye ngozi nene, na kujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Skrubu ya kupimia urefu wa mshono hukunieleza, kwa sababu hukudhani ningeigusa.

Likizo ile ulipokwenda Kisongo kununua ngozi, uliniachia mikanda minne. Shuleni mwalimu wa ushonaji alikuwa amekisifu kitambaa changu mbele ya darasa. Alisema mshono mzuri ni mdogo na umebanana. Nilitaka urudi ushangae. Nikaizungusha ile skrubu, nikashona mishono midogo kama punje za mchele. Ilipendeza mno. Kabla hujarudi, Mzee Anaeli akaja kuichukua. Sikujua kwamba ngozi si kitambaa: ukiitoboa matundu yaliyokaribiana hivyo, umeikata.

Jumapili baada ya ibada, watu wakisubiri mnada wa sadaka, Mzee Anaeli alikuja na kipande cha mkanda kilichobaki, akatangaza kwamba umenunua panya, si cherehani. Watu walicheka. Ulipitisha kidole gumba juu ya matundu, ukanitazama kidogo.

"Kazi ni yangu, Mzee," ulisema. "Nisamehe."

Njiani uliniuliza tu kama nina njaa. Nadhani ulijua. Baada ya hapo hakuna aliyekuletea kazi, nawe ukaondoka.

Nimejificha kwenye vitabu miezi mingi, Mjomba, nikijiambia kwamba msichana hasemi mbele za watu. Lakini jina lililoharibika mnadani haliwezi kusafishwa jikoni kwetu.

Jumapili iliyopita, mkungu wa mwisho wa ndizi ulipokwisha kunadiwa, nilisimama. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi mzee wa kanisa aniombe nianze upya. Nikaanza upya, nikasema yote. Mzee Anaeli akauliza kama nina mikono ya kutengeneza au nina mdomo tu.

Siku ya pili yake nilimshonea mikanda mingine minne kwa mishono mirefu kama punje za mahindi. Alimfunga punda magunia mawili, nami nikatembea nyuma yao mpaka ng'ambo ya mto. Hakuna uzi uliolegea. Alivuta kila mkanda kwa nguvu zake zote, akakohoa, akasema, "Mwandikie mjomba wako. Mwambie nina punda wengine watatu, wako uchi."

Nilirudi nyumbani, nikaitia cherehani mafuta, nikakata ngozi ya mikanda ya punda hao watatu, nikaiacha uje uishone wewe, nikakaa kukuandikia.

Mpwa wako anayekungoja,
binti wa dada yako