Mkono Ulioshushwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Ofisi ya Konstebo, Sandholm, Lancashire. Ijumaa, 8 Oktoba 1784, saa tatu asubuhi.

Jina: Gideon Askew. Umri: miaka 38. Kazi: mchora watu katika picha za mandhari. Makazi: nyumba ya wageni ya Bi. Postle.

Nimeapishwa, na ninasema nikiwa na akili zangu. Bw. Septimus Wray huchora milima, maji na mawingu. Kuchora watu hawezi; akijaribu, wanatoka kama magunia. Hivyo hunikodi mimi nimwekee mtu mmoja, mdogo, peke yake, ili mtazamaji aone jinsi nchi ilivyo kubwa.

Mnamo Jumanne, tarehe 5, saa nane mchana, tulikuwa juu ya mwamba unaotazama ufuko. Picha ilikuwa imekamilika, imebaki mtu. Mbali kule mchangani nilimwona Jonas Tyson, mwokota kombe za baharini. Niliijua kofia yake. Alisimama pahali pamoja, mkono mmoja juu.

Nilimwambia Bw. Wray, "Bwana, yule anaita."

Akajibu, "Anawasalimia wenzake. Chora upesi kabla hajasogea, amekaa pazuri sana."

Hakuwa na wenzake. Na asingeweza kusogea, kwa sababu mchanga ulikuwa umemshika miguu, na maji yalikuwa yanajaa. Sisi tuliozoea kuwatazama watu kama alama za kujazia nafasi tulifurahi kwamba ametulia. Nilimchora kwa wino juu ya turubai, mkono juu, kama nilivyomwona. Nilipoinua macho, hakuwepo. Bw. Wray alisema ameenda kula.

Saa kumi na moja jioni aliutazama ule mkono akakunja uso. Alisema unaharibu utulivu wa picha. "Mshushe mkono, Askew. Mpe fimbo aegemee, awe anatafakari." Nikaufunika kwa rangi ya anga. Nilikula chakula cha jioni nikashiba, na jambo hilo linanitia kinyaa hadi sasa.

Jumatano maiti ilipatikana. Jana, mbele ya mchunguzi wa vifo, Bw. Wray aliipeleka picha kama ushahidi. Alisema kwa sauti yake laini kwamba marehemu alisimama kimya akayangoja maji, wala hakuita mtu. Watu waliitazama picha wakatikisa vichwa. Wanasema amejiua. Kwa sheria ya aliyejiua, kesho wanataka kumzika njia panda bila sala, na vitu vyote vya nyumbani vichukuliwe na serikali, hata kitanda cha mkewe, Agnes.

Nilikuwepo, nikanyamaza. Bw. Wray aliniminya bega akaninong'oneza, "Picha imependwa." Nilitoka nje.

Jonas Tyson alitaka kuishi. Aliita, nikamwona, nikamchora. Ifuteni ile anga juu ya bega lake la kulia.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimesomewa, ni sahihi.

(Sahihi) G. Askew

MAELEZO YA KONSTEBO: Saa tano asubuhi, mbele ya mchunguzi wa vifo, nilifuta sehemu iliyotajwa kwa kitambaa chenye tapentaini, inayoondoa rangi mbichi ya mafuta na kuuacha wino. Wino upo. Mkono uko juu, vidole vimeachana. Mjane aliomba kuugusa. Nilimruhusu.

R. Gaskarth, Konstebo