Rangi za Naziha

Kairuani, 9 Februari 1978

Kaka yangu mpenzi Monji,

Pokea salamu zangu na za Mama. Baridi ya huko Tunis inakutendaje? Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake mzima: jana kamgombeza muuza mafuta ya zeituni mpaka yule bwana akaondoka bila chupa zake. Mimi nipo na kitanda changu cha kufumia. Nimeanza zulia la tajiri mmoja wa Susa. Rangi tatu tu anazitaka, nyeupe, nyeusi na kahawia. Uji wa mgonjwa mtupu.

Nakuandikia kwa ajili ya ile redio ya Jumapili. Tulikuwa kwa Bi Mabruka jirani, wanawake tisa, tunachambua sufu. Jina lako lilipotajwa tukapiga vigelegele, na mimi nilipiga kuwashinda wote. Ndipo mtangazaji akakuuliza hiyo ala yako ya nyuzi, kanuni, unaipigaje hata watu wakalia. Ukajibu, "Tangu mtoto, mimi nikisikia sauti naona rangi. Uzi mnene wa kanuni ni kahawia ya tende. Fidla ikipanda ni kijani, inachuruzika."

Wenzangu wakasema mashallah. Mimi sufu ikanidondoka.

Mama akanitazama. Akasema mbele yao wote, "Kwani si wewe uliyenyweshwa kombe siku arobaini kwa maneno hayo hayo?"

Kaka, umesahau? Nilikuwa na miaka saba, kwenye harusi ya binti wa ami. Nikasema fidla ya yule mzee inamchuruzikia kijani kwenye kanzu, mbona hajifuti? Baba akanishika mkono tukaenda moja kwa moja kwa mwalimu, nikasomewa. Wewe ukaniambia, "Nyamaza, Naziha. Watu watasema una wazimu, hutaolewa." Nikanyamaza. Nilikuwa nakuambia wewe peke yako, kule darini. Ulikuwa unagonga uzi mmoja unauliza, "Na huu?" Nakujibu. "Na huu?" Nakujibu, mpaka tunaitwa kula.

Sitaki kitu kikubwa. Wakikuita tena redioni, sema ni dada yako. Basi.

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri.

Dada yako,
Naziha


Tunis, 2 Machi 1978

Dada yangu Naziha,

Nimepata barua yako nikiwa mzima, ila kichwa kinaniuma kwa kazi. Mwambie Mama nakula, na nitakuja na dawa ya magoti.

Wewe nawe! Yale yalikuwa mazungumzo ya redio. Mtangazaji ananibana, muda unakwenda, nimwambie nini? Kwamba nafanya mazoezi saa sita kwa siku? Nani analia kwa mazoezi? Neno limenitoka tu. Na wewe fikiri: nikitaja jina lako hewani, kesho nusu ya Kairuani iko mlangoni, mmoja anataka umtabirie, mwingine anakuita majinuni. Mimi nakukinga, mdogo wangu, kama zamani.

Sasa sikiliza. Nimepewa kutunga muziki wa tamasha la kiangazi, kikundi kizima, watu thelathini jukwaani. Sehemu mbili za mwanzo zimetulia. Ya tatu imenishinda, nimeichana mara nne. Nakutumia kaseti. Azima redio kwa Bi Mabruka, sikiliza vizuri, uniambie unaona nini. Usinifiche hata kama ni matope.

Na safari hii nitasema ni wewe. Nakuahidi kwa roho ya Baba.

Kaka yako,
Monji


Kairuani, 14 Machi 1978

Kaka Monji,

Salamu. Hatujambo, Mama anasubiri hiyo dawa.

Nimeisikiliza mara kumi na moja. Nilitaka nikununie, lakini ilipoanza nikasahau kununa.

Sehemu ya kwanza na ya pili usiguse kitu. Ni buluu ya milango yetu, mpya, haijapigwa jua. Ya tatu ndiyo matope kweli, na kosa ni dogo. Mahadhi ya Hijazi umeyaingiza mapema. Hijazi ni kutu. Ukiimwaga juu ya buluu ile nzito unapata maji ya kuoshea masufuria. Ngoja. Acha naa, filimbi ile ya mwanzi, ipulizwe peke yake, na yule mwenye dufu umwambie apumzike. Buluu itakwenda ikipauka, itapauka mpaka iwe kama povu la sabuni. Hapo ndipo uilete Hijazi, taratibu, kwa kanuni, uzi mmoja mmoja. Utapata rangi ya waridi, Monji. Waridi ambayo sijapata kuiona kwenye sufu yoyote, na mimi nimetia rangi sufu miaka kumi na tano.

Nimekuchorea pembeni wapi nani aingie. Sijui kuandika muziki kama ninyi wasomi, lakini utaelewa.

Siku zote hizi nafuma huku nacheka. Mama ananiuliza nimepata mchumba?

Ahadi yako naishika.

Dada yako,
Naziha


Kairuani, 21 Agosti 1978

Monji,

Natumai u mzima. Mama mzima.

Tulikwenda kwa Bi Mabruka tukakuangalia. Televisheni yake haina rangi, kila mtu alionekana kama kapakwa majivu, lakini mimi nilikuwa naona. Ilipofika ya tatu, dufu likanyamaza, naa ikabaki peke yake, nikamshika Mama mkono kwa nguvu mpaka akalalamika. Ikaja. Waridi ile ile. Watu elfu ngapi pale wamesimama wanapiga makofi, na hakuna aliyejua kwamba nyumba nzima imejaa waridi.

Halafu wakakuletea kipaza sauti. Bi Mabruka akasema, "Nyamazeni, sasa anamtaja!" maana nilishawaambia wote, mjinga mimi. Nawe ukaweka mkono kifuani ukasema, "Mungu amenitia jicho ndani ya sikio."

Jicho ndani ya sikio. Nilikuambia maneno hayo nikiwa na miaka tisa.

Mama akauliza, "Mbona hajakutaja?" Nikamwambia umesahau, kwa shangwe. Akainuka mwenyewe, na magoti yake, akaizima.

Usiniletee kaseti nyingine. Barua kwa Mama lete, nitamsomea.

Naziha


Tunis, 3 Januari 1980

Dada yangu Naziha,

Salamu, na pole tena, ingawa msiba ni wetu sote. Tangu tumzike Mama sijatulia. Siku tatu nilizokaa hapo ulinipakulia chakula, ulinitandikia, na hukunisemesha neno. Wageni waliuliza chumvi ukawapa. Mimi nilipouliza, uliiweka mezani ukaondoka.

Najua ninachostahili. Lakini hujibu barua, hii ni ya sita. Basi nimeona niongee badala ya kuandika. Nimejirekodi kwenye kaseti, imo humu. Si muziki, usiogope, ni mimi naongea tu, toka mwanzo, toka kule darini. Kuna mambo mkono wangu hauwezi kuyaandika. Nisikilize mara moja tu, halafu uitupe ukitaka.

Nitatuma nyingine. Nitaendelea kutuma mpaka utakaponiambia niache.

Kaka yako,
Monji


Tunis, 11 Novemba 1983

Dada yangu Naziha,

Salamu za miaka mingi. Natumai barua hii itakukuta na afya. Mimi mwili mzima, mengine utayasoma.

Umesikia? Nadhani umesikia. Kama hukusikia wewe, Bi Mabruka kasikia, na akisikia yeye Kairuani yote imesikia.

Nianze nyuma kidogo. Tangu lile tamasha nimetunga vipande vitano, na vyote ni maji baridi. Magazeti yalinipa heshima mwanzoni, baadaye wakaandika kwamba najirudia, na ni kweli. Nilikuwa nachukua karatasi yako ile, yenye michoro pembeni, naipindua hivi na hivi, nyamazisha dufu hapa, leta naa pale. Lakini sioni kitu, Naziha. Nagonga uzi, nauliza "na huu?" na chumba kinanitazama.

Wiki iliyopita redio wakanifanyia kipindi, cha moja kwa moja, cha kunienzi. Mtangazaji ni kijana mchangamfu. Akasema, "Ustadhi, hebu tuambie zile rangi zako." Nikamwambia, "Sijapata kuona rangi hata moja maishani mwangu." Akacheka. Nikasema, "Anayeona ni dada yangu, Naziha bint Tayyib, mfuma mazulia wa Kairuani. Ile sehemu ya tatu mnayoililia ni yake." Unajua akafanya nini? Akawaambia wasikilizaji, "Mnaona unyenyekevu wa wakubwa?" Watu studioni wakapiga makofi! Ikabidi nimshike mkono. Nikasema, "Mwanangu, huu si unyenyekevu. Niliiba." Hapo wakaweka taarifa ya hali ya hewa.

Kikundi wamegawanyika. Vijana hawanisalimu. Mpiga naa wetu, yule mzee Shadli, aliniambia tu, "Mimi nilijua. Mwenye kuziona rangi zile asingetuelekeza akiwa anasoma karatasi." Miaka mitano alijua, na hakusema.

Mwenye kiwanda cha sahani za santuri amekubali kuichapisha upya ile kazi, na jina lako litakuwa juu, la kwanza. Nasubiri ruhusa yako tu.

Nilikuwa nangoja siku nitakayoweza kusema haya bila kuinamisha kichwa, ndipo nije. Haikufika, nimesema kichwa kikiwa chini. Je, kaseti zangu ulizisikiliza? Zilikuwa tisa. Niambie ulisikiliza japo ile ya kwanza.

Kaka yako,
Monji


Kairuani, 29 Novemba 1983

Kaka yangu Monji,

Salamu kwako, na natumai baridi haijakubana kifua. Mimi sijambo. Mchungwa uani umezaa sana mwaka huu, Bi Mabruka anakuja na kapu kila asubuhi kama vile ni wake.

Siku ya hicho kipindi nilikuwa kwenye kitanda cha kufumia. Bi Mabruka kaingia mbio, kichwa wazi, redio kaikumbatia kama mtoto. Akaiweka mbele yangu. Akawa ananionyesha, anapiga kifua, analia. Nikaona mdomo wake unasema Naziha, Naziha. Nami nikaitazama ile redio kama mtu anavyotazama boksi.

Kaka, mimi sisikii. Ni mwaka wa pili sasa. Niliugua homa kali ya kichwa, majira kama haya mwaka jana, siku kumi na mbili sijijui. Nilipoamka nikadhani dunia imejazwa sufu. Daktari akaniandikia kwenye karatasi kwamba masikio hayatarudi. Nilimwapisha Bi Mabruka asikuambie. Nilisema, kama anataka habari zangu, barabara ya Kairuani anaijua.

Najua utaniuliza rangi. Zimekwenda na sauti. Mwezi wa kwanza masikio yalikuwa yanavuma, na mvumo ule ulikuwa na rangi moja, ya maji ya mchele. Nikawa naupenda hata huo. Halafu nao ukaisha. Siku hizi naona rangi kama mnavyoona wengine, kwenye vitu vyenyewe tu. Nyekundu ni ya pilipili, imekaa kwenye pilipili.

Sasa nikujibu kuhusu kaseti, na hili ndilo lililonichelewesha kuandika. Sikuzisikiliza. Hata moja. Zimo kabatini, tisa, karatasi zake sijazibandua. Kila ilipokuja nilijiambia, acha moyo upoe kwanza, nitazisikiliza siku nitakayokuwa na nafasi moyoni. Nilikuwa na karibu miaka mitatu ya masikio, Monji, na niliitumia kununa. Nilidhani nakuadhibu wewe. Sauti ya kaka yangu ilikuwa nyumbani kwangu siku zote hizo, naipangusia vumbi.

Wewe ulininyang'anya, sitasema hukuninyang'anya. Bado nikikumbuka ule mkono kifuani mwili unanisisimka. Lakini hili la kaseti nimejinyang'anya mwenyewe, na sina wa kumwandikia barua kali.

Jina liweke kwenye sahani. Naziha bint Tayyib, kamili, si herufi moja na nukta. Sitaisikia, lakini nitaisoma.

Ulikuwa unaniuliza rangi ya kila kitu kule darini, nyuzi, adhana, kengele za mbuzi, mpaka kikohozi cha Baba. Hukuwahi kuniuliza yako. Ulipokuwa unaongea ilikuwa kama asali inapotiwa ndani ya maziwa, kabla hujakoroga. Ndiyo maana nilikuambia wewe siri zangu. Nilikuwa nakaa naitazama.

Njoo. Usije na kanuni, njoo wewe. Mimi kuongea naongea, ila wanasema napayuka, utavumilia. Maneno ya watu nayasoma midomoni, nimejifunza vizuri, Bi Mabruka hawezi tena kunisengenya akiwa mbele yangu. Lakini wako mdomo siujui. Miaka yote ile sikuwa nautazama, nilikuwa natazama asali. Itabidi nianze kujifunza upya, na mimi si mtoto tena.

Kwa hiyo kabla hujapanda basi, nyoa masharubu.

Dada yako,
Naziha