Mizani Ana Dada

Jumatatu, 3 Machi

Wamewastaafisha majaji wote watatu! "Kwa manufaa ya umma." Ijumaa walitamka kwamba hii vita ya mpakani haina kibali cha bunge, leo hawana kazi. Redioni wameisoma harakaharaka, wakarudi kwenye mpira.

Nilipotoka zamu chumba cha eksirei nikakaa kwenye benchi la kubadilishia nguo, nikafungua simu. Jukwaani kunawaka moto. Yule anayejiita Mzalendo Asiyelala ameandika: nyumba ikiungua hakuna anayeuliza hati ya kiwanja, Mkuu wa nchi aachiwe afanye kazi. (Halali kweli huyu. Ndiyo maana anaweweseka.) Nikamjibu kwa jina langu la huko, Mizani: "Sawa, kaka. Lakini hata zimamoto hawaruhusiwi kuondoka na televisheni."

Watu wamecheka, wamesambaza, nimefurahi kama mtoto. Nikashindwa kujizuia nikamwandikia Dada: "Umeiona ya zimamoto? Ni mimi!" Ni yeye peke yake duniani anayejua Mizani ni nani. Akajibu kwa vikatuni vya kucheka, kisha: "Utatuua wewe."

Jumatano, 5 Machi

Nimepita kwa Dada baada ya kazi. Alikuwa anashona mapazia ya hoteli, kitambaa kimejaa sebule nzima, nimekaa juu ya marobota. Mdogo wetu, yule askari, ametuma sauti kutoka huko mbele vitani. Dada kanisikilizisha. Anasema wako salama, maji ya kunywa yana chumvi, tumsalimie Mama. Anaongea polepole mno — mtoto yule tangu azaliwe anaongea kama anakimbizwa.

Tumebishana. Nikasema majaji wale ndio waliokuwa wanamtetea yeye, kwamba asipelekwe kufa kwa amri ya mtu mmoja. Dada akasimamisha cherehani. Akaniuliza sheria yangu ina gari, imfuate huko? Nikasema sheria haina gari, ina breki. Hakucheka. Kawaida angecheka.

Aliniosha na kunisuka mimi huyu kabla sijajua kusoma. Mama alikuwa zamu, Dada ndiye aliyekuwa Mama. Wakati naondoka amenishika shavu, akanitazama sana. Nikadhani ni mapenzi.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike tu.

Nimeitwa na mganga mkuu katikati ya foleni, mgonjwa wangu yuko mezani na mguu wake. Ofisini nikamkuta na mwanaume wa shati la kijivu, hakujitambulisha. Mganga mkuu alikuwa anatazama kalenda ukutani kana kwamba imeandikwa leo.

Shati la Kijivu akaniuliza kama namfahamu Mizani. Nikasema mizani iko chumba cha watoto wachanga. Akatabasamu. Akasukuma karatasi.

Ilikuwa picha ya simu. "Umeiona ya zimamoto? Ni mimi!" Na juu kabisa, pale jina la mwandikiwa linapokaa: Pilipili.

Pilipili! Hakuna mtu anayeniita hivyo ila Dada. Hata Mama haniiti hivyo. Picha imetoka kwenye simu ya Dada. Maneno yangu yako upande wa wageni, "Utatuua wewe" iko upande wa mwenye simu.

Nikauliza nimevunja kifungu gani. Akasema nitaelezwa nikifika. Nikifika wapi? Akacheka, akamwambia mganga mkuu kwamba kweli binti ana mdomo. Nimesimamishwa kazi. Nisitoke mjini. Mganga mkuu, aliyenifundisha mwenyewe kusoma picha ya kifua, akanisindikiza hadi mlangoni, akanong'ona nisimtaje.

Sijamtaja mtu. Ningemtaja nani?

Jumamosi, 8 Machi

Sijatoka kitandani.

Dada kapiga, sikupokea. Kapiga tena.

Jukwaani Mzalendo anauliza Mizani kaishiwa chaji au hoja. Wamecheka. Wale wale waliocheka ya zimamoto.

Jumapili, 9 Machi

Niko kwa Mama. Nimejifungia chumba chake, naandika juu ya goti.

Nilikuja nikijua Dada atakuwepo, Jumapili humfulia Mama. Nikamkuta uani, mapovu hadi viwikoni. Nikamwambia: Pilipili amefika.

Hakukana. Afadhali angekana! Alifuta mikono kwenye gauni akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya kitambaa: walikuja nyumbani kwake Jumanne. Walikuwa wanajua Mizani ni mtu wa hospitali, hawajui yupi. Na walijua Mdogo wetu yuko kikosi gani. Wakasema akisaidia kidogo, mtoto atarudishwa nyuma, akakae stoo ya mablanketi.

"Kwa hiyo umenipima na yeye," nikasema.

"Wewe watakuonya tu, utarudi. Yeye angerudi kwenye sanduku. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nikasema ningekuja kukuambia, Dada. Ningekuja tulie wote, ungejua unakimbia au unakaa. Hata mwizi wa kuku huambiwa anashtakiwa na nani. Wewe ulinishika shavu.

Hapo ndipo akalia. Mama akatoka na fimbo yake, akauliza kuna nini. Wote tukasema hakuna kitu. Mama akasema ndugu wakigombana yeye hushika jembe akalime, lakini leo miguu haimpeleki shambani, basi tukae tule. Tukakaa. Hakuna aliyekula.

Nikauliza: na mtoto, wamemrudisha? Dada akatazama sahani. Tangu Jumatano hajatuma sauti. Anawapigia wale watu, hawapokei.

Nikanyanyuka nikaja huku. Namchukia. Na nikisikia pua yake inavyovuta kule sebuleni, nataka nimpelekee kitambaa. Upumbavu gani huu?

Simu yake inaita.

Kaipokea haraka, kiti kimeanguka. "Shikamoo, mzee." Anauliza habari za mtoto. Anauliza tena. Sasa anasikiliza.

"Ndiyo, mzee."

Mama anauliza ni nani, hajibiwi.

"Ndiyo... Hapana, hajasafiri."

Hatua zake zinakuja hadi kwenye mlango huu, zimesimama. Naona kivuli cha miguu yake chini.

"Yupo," anasema. "Yupo hapa kwa Mama."