Imamu Alipokuja Kuiona Mashine

Likasi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Amani na rehema za Mola ziwe nawe na wote waliomo nyumbani. Goti limepata nafuu? Mama bado anakuficha chumvi? Sisi tu wazima, ila mkweo Idi anakohoa vumbi la saruji la huko Kakontwe anakobeba mawe. Leo sikungoja hata chai ipoe, Baba, nina habari!

Nilikupigia simu nikakueleza kwamba Mama Kapinga, yule Mkatoliki mwenye duka la kompyuta ninakofanya kazi, ameleta mashine za kuendesha nodi za sarafu za mtandaoni, na anataka mimi nizisimamie. Ukanijibu, "Hiyo ni kamari, Mwajuma. Usiniletee pato lake mlangoni." Iliniuma. Kesho yake nikamwambia tajiri wangu kwamba sizigusi mpaka nijue hukumu ya dini.

Akashika kiuno. "Weye Mwajuma! Hii haiko kamari, ni kazi! Kama hautaki, nitatafuta muntu mwingine."

Nikaenda kwa imamu wetu, mtu wa Kasongo. Nilimweleza mpaka nikajichanganya mwenyewe. Akacheka. "Binti, siwezi kuhukumu nisichokiona. Nitakuja."

Na akaja kweli, Jumamosi, kanzu ina vumbi mpaka magotini! Mama Kapinga akampa kiti mbele ya kioo cha kompyuta, akamfafanulia. Nodi ni kompyuta inayotunza nakala ya daftari la sarafu na kuhakikisha hakuna anayetumia sarafu moja mara mbili. Mwenye mashine huweka sarafu zake dhamana. Mashine ikidanganya, dhamana inakatwa. Ikifanya kazi kwa uaminifu, inalipwa ujira.

"Na nani anachagua mashine itakayoandika ukurasa unaofuata?" imamu akauliza.

"Inajichagulia tu, sawa tombola," akasema Mama Kapinga.

Tombola, yaani bahati nasibu! Nikajua mambo yameharibika.

Imamu akavuta ndevu zake. Kisha akasema, "Qurani inatueleza kwamba wazee walipogombea kumlea Maryamu, walitupa kalamu zao kupiga kura, ikamwangukia Zakaria. Kura ya kugawa zamu ya kazi si kamari. Kamari ni mmoja kula alichopoteza mwenzake. Hapa aliyekosa zamu amepoteza nini?"

"Hata kintu," Mama Kapinga akajibu. "Anangojea zamu yake."

Baba, kidogo nipige vigelegele! Lakini imamu akanyoosha kidole kwenye pembe ya kioo. "Na hii?"

Mama Kapinga akasema kwa fahari kwamba hiyo ni programu nyingine, inakopesha watu sarafu nao wanazirudisha na intérêt.

"Hiyo ni riba. Binti asiiguse."

"Eh! Lakini njo ile inaleta faida!"

Nikamgeukia tajiri wangu, nikasema, "Mama, ikibaki hiyo, mimi naondoka." Akanigeuzia mgongo, akahudumia wateja mpaka tukafunga duka.

Jumatatu nilimkuta mlangoni ananingoja. "Funga ile ya intérêt," akasema. "Jana ku kanisa nilimuwaza mama yangu. Bale benye kumukopesha franga balimukamua mpaka akalia. Miye sitaki kuwa sawa bale."

Nikaifuta kwa mkono wangu! Kisha akanisogezea kiti. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha nodi, nikasema bismillahi kwa sauti, na nyuma yangu Mama Kapinga akaitikia, "Amina!" huku anapiga ishara ya msalaba. Tulicheka mpaka wateja wakachungulia.

Imamu hakunificha kwamba wapo wanazuoni wanaozikataa sarafu hizi kabisa. "Mimi nimeona hivi," alisema, "lakini baba yako ni mwalimu wa dini, nataka kusikia rai yake." Atakupigia baada ya sala ya Ijumaa. Ukiona amekosea, mwambie waziwazi, nami nitaziacha hata hizi nodi. Ukiona amepatia, Baba, niombee dua, maana kazi hii naipenda kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mama mbusu mkono. Dada yangu mshonaji mwambie vitenge vya hapa vitamtia wazimu. Mjomba muuza mawese na bibi wa kule mtaa wa juu nawasalimu mmoja mmoja. Idi anakuamkia, mkwe wako, kwa heshima zote.

Mwanao anayecheka peke yake barabarani,
Mwajuma