Sakoshi ya juu ya mutuka, na milango yenye ilikataa

Leo siku ya posho, jumamosi. Baridi imeshika mutaa wetu wa Kampemba tangu asubuhi, vumbi linaruka, na chai yangu sikumaliza. Mutoto wangu Gracia amelala pembeni yangu. Ana miezi saba.

Kesho, siku ya Mungu, tunamupeleka Kasenga, kule wanavua samaki. Mama ya bwana yangu anaishi kule, hajamuona hata siku moja.

Niseme ukweli: ni mimi njo nililazimisha tununue ile sakoshi, mufuko mukubwa wa kufunga juu ya mutuka. Mutuka yetu ni kadogo, haina hata vyuma vya kufungia mizigo. Lakini nilitaka kubeba beseni ya mutoto, chandarua, mablanketi, na pagne mbili, vitenge vya kumupa mama-mukwe, ili asiseme mjukuu wake anatunzwa vibaya. Sakoshi ni ya turubai laini, iko na mikanda mine. Papa Gracia, bwana yangu, alipoiona alifurahi kunipita.

Leo saa sita tuliijaribu mu parcelle, ku kiwanja cha nyumba yetu. Nilikaa ndani, ku kiti ya nyuma, na Gracia. Bwana yangu akapitisha mikanda mu madirisha, akaikaza, goti juu ya mulango. Jirani yetu Mama Kapinga akatoka kuangalia.

« Mutuka yenu iko na mimba ku mugongo, » alisema.

« Itazala samaki ku Kasenga, » bwana yangu akajibu.

Tulicheka wote. Kisha nikataka kutoka.

Mulango ulikataa.

Nikasukuma ule mwingine. Vile vile. Mikanda ilikuwa imefunga milango yote mine kama kifurushi, na sisi ndani. Gracia akaanza kulia.

« Pitisha mutoto ku dirisha, Mama Gracia, na weye utoke vile vile, » bwana yangu akasema. « Mikanda tutafungua tukifika. »

Nilimupitisha mu mikono ya Mama Kapinga. Nikatoka kwa magoti, pagne yangu ikapasuka, nikacheka na wengine. Niliogopa nikikataa watasema natafuta namna safari ivunjike, sababu namuogopa mama-mukwe.

Na ni kweli, namuogopa.

Lakini njia ya Kasenga ni masaa mengi. Mutuka ikishika moto? Ikiingia mu mutaro? Nani atakuwa pale kumupokea mutoto wangu ku dirisha?

Mu sakoshi kulikuwa karatasi ya maelezo. Kifaransa yake sikuielewa yote, sikufika mbali na masomo, lakini picha niliielewa: milango wazi, mikanda inapita ndani, chini ya dari, kisha milango inafungwa. Nikamuonyesha bwana yangu.

« Sasa utanifundisha mutuka yangu? »

« Hapana, Papa Gracia, » nikasema, nikatoa mufuko mudogo wa bunga ya ugali jikoni. « Ingia tu nyuma, ku dirisha. Shika huu mufuko wa bunga kama njo mutoto. Sasa toka nao. »

Kuingia, aliingia kwa shida. Kutoka, tumbo lilikwama mu dirisha, bunga ikamumwangikia ku shati. Hakuna mutu alicheka. Bwana yangu akaangalia ule mufuko. Kisha akasema polepole: « Nisaidie, tufungue. »

Tumefunga mikanda upya, milango wazi kama ku picha; sasa inafunguka. Bado naogopa. Upepo ukiinua ile turubai, itakuwa namna gani? Blanketi zitabaki njiani, basi. Blanketi si mutoto.

Kesho, kabla Papa Gracia hajawasha mutuka, nitafungua mulango wa upande wa Gracia, niufunge, niufungue tena. Bwana yangu atasema nachelewesha watu. Nitaufungua mara ya tatu.