Inchi Ishirini na Sita

Tarehe 4 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Habari za huko, na mgongo je? Usiniandikie kwamba hujambo halafu nisikie kwa majirani kuwa umeshona wiki nzima ukiwa umesimama. Mimi mzima kabisa, na kazi imenikubali. Fundi mkuu amenipa meza ya dirishani, ile yenye mwanga, na saa zote ndogo za kike sasa ni zangu. Miaka sita nilikuwa naokota skrubu za wenzangu sakafuni kwa sumaku. Sasa na mimi nina meza.

Nina ombi dogo. Lile gauni la samawati la marehemu mama, lililovalishwa sanamu ya dirisha la duka lako, nipimie kiuno chake uniandikie. Nataka kujua tu. Na shangazi asijue nimeuliza.

Habari nyingine ni kwamba nimeacha sukari. Nimeacha na mkate, na wali, na kila kitu chenye raha. Asubuhi kahawa nyeusi, mchana kahawa nyeusi, jioni kahawa nyeusi na tango. Ndani natia vidonge vya utamu, vile vidogo vyeupe vya kwenye kikopo. Viwili tu na kikombe kizima kinakuwa kitamu, na havinenepeshi hata kidogo. Nani aligundua hivi vitu, apewe medali.

Duka utalifunga lini hasa? Nataka niombe ruhusa mapema.

Binti yako

---

Tarehe 15 Februari

Fundi mwenzangu,

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo, ndio unaoniamkia kila siku kabla ya binadamu yeyote. Habari ya meza imenifurahisha hadi nimemsimulia mteja aliyeleta suruali ya kukunja pindo, maskini, alikuwa na haraka zake.

Gauni nimelipima, na nimelipima mara mbili kama nilivyokufundisha. Kiuno ni inchi ishirini na sita kamili. Rangi imepauka kwa jua, lakini mshono bado ni mshono.

Duka nalifunga Jumamosi ya tatu ya Juni. Miaka thelathini na minne. Wewe na duka mlizaliwa mwaka mmoja, na wote wawili mmenikosesha usingizi.

Kabla sijaweka cherehani chini nataka kukushonea koti la kazi, jeupe, lenye mifuko midogo ya vifaa vyako. Nitumie vipimo: bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono.

Na jambo moja. Barua yako imetaja vikombe vingi, lakini sahani sikuiona. Hiyo kahawa inashuka na nini?

Baba yako

---

Tarehe 3 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na wateja hawakusumbui. Mimi sijambo. Vipimo hivi hapa: bega kumi na sita, kifua thelathini na nane, kiuno ishirini na tisa, nyonga arobaini na moja, mkono ishirini na tatu.

Sahani ipo, ina tango. Baba, usianze. Watu wote wameanza. Mwenzangu wa meza ya pili ananiambia nimekuwa mkali kama pilipili, fundi mkuu ananiuliza kama nina homa. Vikombe vimefika tisa kwa siku, na kila kimoja na vidonge vyake viwili, sitaki mtu anihesabie. Moyo unakimbia kidogo jioni na kichwa kinauma upande wa kushoto, lakini huo ni mwili unagoma. Mgomo huvunjwa kwa kutoujali.

Nikuchekeshe. Juzi nilinunua pipi za mnanaa zisizo na sukari, nikawa namumunya moja baada ya nyingine hadi pakiti ikaisha. Saa nane mchana tumbo likaanza kunguruma, na baada ya hapo nilihamia chooni. Fundi mkuu akabisha mlango akauliza kama huko ndani kuna saa ya kutengeneza. Nyuma ya pakiti kumbe wameandika kwa herufi za mchwa: ukila nyingi, utaharisha. Sasa nakula chache.

Sirudi nyuma. Nina sababu yangu.

Binti yako

---

Tarehe 14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Wewe sikuulizi, maana barua yako imeshanijibu.

Desemba ulipokuwa hapa nilikupima sketi. Kiuno kilikuwa thelathini na nne. Leo kifua ni kile kile, nyonga ni ile ile, kiuno peke yake kimesafiri inchi tano. Nimepima watu tangu sina ndevu. Mwili haukatwi katikati kwa mkasi. Mteja akinidanganya kiuno, huwa nanyamaza, namwachia kitambaa ndani ya mshono, ataniona siku ya kujaribu. Lakini wewe si mteja.

La pili ni mwandiko. Wewe tangu darasa la tatu unaandika kama mashine. Sasa herufi zako zinatetemeka, na neno "skrubu" barua iliyopita lilikuwa zuri kuliko "Shikamoo" ya barua hii. Mkono unaoshika vyuma vidogo kuliko punje ya mtama hautakiwi kutetemeka, hilo unalijua kuliko mimi.

Niambie ukweli. Huo moyo unaokimbia unakimbilia wapi?

Baba yako

---

Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Karibu mwezi mzima sijaona barua. Huenda imepotea njiani, huenda umenuna. Ukinuna, nuna kwa maandishi nikuone.

Koti limekamilika isipokuwa kiuno. Nimekiacha wazi.

Baba yako

---

Tarehe 22 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijambo sasa. Siku kumi zilizopita nilikuwa sijambo kwa mdomo tu.

Kuna dereva wa treni mstaafu alileta saa yake ya mfukoni, aliyoendeshea treni maisha yake yote. Fundi mkuu akanipa mimi. Nilikuwa narudisha utepe wake wa ndani, ule mwembamba kama unywele, ndio moyo wa saa yenyewe. Mkono ukaruka. Sikuuamuru, uliruka wenyewe. Kibano kikaukunja utepe kama uzi mbovu. Nilipoinuka kwenda kumwambia fundi mkuu, kuta zikazunguka, nikaketi chini kwenye sakafu yangu ya zamani, kwenye skrubu.

Walinipeleka zahanati. Daktari aliniuliza nimekula nini tangu jana, nikamtajia vikombe. Akasema kahawa kiasi hicho juu ya tumbo tupu inatosha kukimbiza moyo na kutetemesha mikono, na njaa nayo ina mkono wake. Kuhusu vidonge vya utamu hakuapa. Alisema wapo watu wanaosema vinawaumiza kichwa na wapo wasiosikia kitu, wataalamu wenyewe bado wanabishana. Nikamwambia mimi siachi. Akasema sawa, ila moyo ni wako mmoja.

Nimeondolewa kwenye meza ya dirishani. Sasa nabadilisha betri na mikanda mlangoni, mpaka mikono itulie. Fundi mkuu hakunifokea. Afadhali angefoka. Akasema Mei ikiisha hivi hivi, meza atampa mwenzangu.

Umeuliza moyo unakimbilia wapi, basi nakwambia. Unakumbuka chakula cha Desemba? Nilisema siku ya kufunga duka nitavaa gauni la mama. Shangazi akaweka kijiko chini, akasema mbele ya ukoo mzima, "Gauni la mama yako? Wewe labda uingize mguu mmoja." Wote wakacheka. Na wewe ulicheka, baba. Nilikuona.

Nikaapa kwamba siku ya kufunga duka nitalivua kwenye sanamu na kulivaa, lifungwe hadi kifungo cha mwisho, nisimame mbele ya shangazi nisiseme neno. Bado nimeapa. Mikono ikitulia naanza tena.

Binti yako

---

Tarehe 1 Mei

Mwanangu, fundi mwenzangu,

Pole. Pole kwa moyo, kwa mikono, na kwa kicheko changu. Nilicheka ndiyo, nimekumbuka. Nilicheka kwa uzembe, kama mtu anavyosema "ndiyo" kwa mteja huku anatafuta sindano. Nisamehe. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaona nifunge mlango wa duka mchana kweupe nikae.

Sasa nisikilize, maana kosa kubwa nimelifanya mimi, na nimelifanya kwa futi yangu mwenyewe.

Asubuhi ya kufungua duka mama yako alilijaribu lile gauni na halikufunga. Wewe ulikuwa na miezi minne, umelala ndani ya kapu la vitambaa. Mama yako akasema, "Mume wangu, ama lifungue gauni, ama ufungue duka peke yako." Nikafumua ubavu pande zote mbili, nikaongeza vipande viwili virefu vya kitambaa kilichobaki. Aliyeshika pini ni shangazi yako huyo huyo. Zilikuwa mdomoni mwake, ndiyo asubuhi pekee niliyopata kumwona amenyamaza. Mama yako alikata utepe wa duka akiwa na kiuno cha inchi thelathini na tano, na hakuna mtu mtaani ambaye hakugeuka kumtazama.

Miezi michache baadaye nikanunua ile sanamu, mtumba, nyembamba kama mpini wa ufagio. Gauni likaipwaya. Nikavikunja vile vipande ndani nikalibana. Ishirini na sita ni kiuno cha sanamu, mwanangu. Haijazaa, haina utumbo, haijawahi kuonja hata uji. Ukoo mzima umejilinganisha nayo miaka yote hii, na mimi uliponiuliza nikakupa namba ile bila neno la pili, kwa sababu uliomba kipimo nikapima. Fundi ukimuuliza kipimo anakupa kipimo. Ndio ujinga wetu.

Gauni nimeshalishusha dirishani. Mishono ya ubavuni nitaifumua nikipata vipimo vyako, vya kweli. Tatizo ni moja. Gauni limepauka, lakini vile vipande havijawahi kuona jua, vina samawati ile ile ya siku ya kwanza. Vitaonekana. Ukitaka nitavipausha kwa dawa vifanane.

Na kuhusu hayo mavitu yako, sikuhubirii. Nakurudishia maneno yako mwenyewe. Mwaka wako wa kwanza kazini uliniandikia kwamba saa ikiharibika, fundi saa hagusi vyuma viwili kwa pamoja, anagusa kimoja, anasubiri, la sivyo hatajua mkosaji ni nani. Wewe umejigusa vyuma vyote siku moja.

Baba yako

---

Tarehe 30 Mei

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na safari hii unaweza kuukagua mwandiko ukitaka, hata kwa ile miwani ya kutungia uzi.

Barua yako niliisoma nikacheka, nikalia, nikakasirika. Nilikasirika zaidi. Kutetemeka kote kule, kwa ajili ya mpini wa ufagio! Siku mbili niliificha barua chini ya godoro. Siku ya tatu nikachukua daftari.

Nilianza na kahawa. Niliipunguza kikombe kimoja kimoja mpaka viwili, tena baada ya kula, kwenye sahani, baba, sahani yenye chakula. Siku za mwanzo kichwa kiliniuma vibaya na nikamchukia kila mtu. Wiki ya pili mikono ikatulia. Vidonge niliendelea navyo, nikavisubirishia zamu yao. Zamu ilipofika nikaviacha, na yale maumivu ya upande wa kushoto yakaondoka. Nikavirudisha siku mbili, yakarudi. Daktari anasema siku mbili si ushahidi, huenda ni mambo mengine. Nikamwambia yeye ana vitabu, mimi nina kichwa. Kikopo nimekipa kazi ya kuhifadhi skrubu. Pipi sikuzijaribu tena, ushahidi wa chooni unanitosha.

Juzi fundi mkuu akaniita. Akaniwekea mezani ile saa ya dereva na utepe mpya, kwenye meza ya dirishani. Wenzangu wote wakajifanya wana kazi. Niliuweka mara moja tu, haukuruka. Saa ikaanza kutembea, na mimi nikaanza kupumua. Dereva alipokuja kuichukua aliiweka sikioni muda mrefu, akasema, "Imechelewa wiki saba." Nikamwambia, "Na mimi pia, mzee."

Sasa tuzungumze gauni. Nitapungua au sitapungua, hilo ni langu na sahani yangu, na halina tarehe. Gauni lina tarehe. Fumua ubavu, pande zote mbili. Na hivyo vipande usivipaushe! Nimekataa kabisa. Viache na rangi yao, atakayeviona avione. Hapo ndipo mama alipokuwa, na mimi ndipo nitakapokuwa.

Shangazi mkaribishe mapema kuliko wageni wengine, saa ya kujaribu nguo. Mwambie aje na pini.

Andika daftarini, kwa wino, si chaki: bega kumi na sita, kifua thelathini na nane, nyonga arobaini na moja, mkono ishirini na tatu. Kiuno, na nimekipima mara mbili, thelathini na tatu na nusu.

Hiyo nusu usiimeze.

Binti yako